Subiri, Bei Inashuka

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Kwa heshima zote, na mbele ya ukoo mzima, walio nyumbani, walio safarini na wanaojifanya wana shughuli nyingi kiasi cha kutopokea simu, natangaza rasmi kwamba leo saa nne na robo asubuhi Kinyozi amepanda juu ya bati la duka lake akiwa na bisibisi mdomoni, amefunga vioo viwili vyeusi, na ameshuka salama. Hakuna aliyeumia. Muuza mkaa alipiga makofi.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unatabiri mvua na bado unakosea. Binamu yako amejifungua mtoto wa kiume mwenye masikio ya upande wa mumewe. Tumewapa hongera kwa sauti ya pole. Nakuandikia barua kwa sababu bahasha haina kitufe cha kukatia.

Sasa jambo lenyewe. Kinyozi ni baba yako, na ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hilo halina dawa. Najua hamjasemeshana tangu siku uliyomwambia hutashika mashine ya kunyolea, na sikuandiki ili niwapatanishe, sina muda huo. Ninachouliza ni hiki: tangu lini mtu anayenyoa kwa kubahatisha akapata umeme wa jua kabla yangu mimi, mwenye mashine ya kutotolesha mayai mia nne? Na vioo vyenyewe ni mitumba. Vimeng'olewa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inanunua vipya, kimoja kina ufa. Umeme ukikatika, kwake redio inaimba na vichwa vinanyolewa. Kwangu mimi nakimbia na mablanketi kuifunika mashine kama mgonjwa wa homa.

Kazi yangu unaijua. Siku ishirini na moja, joto lisitoke kwenye thelathini na saba na nusu. Yai halisikilizi udhuru. Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, mama mmoja anayehesabu mpaka vidole vyake akimaliza kusalimiana na watu, ameniagiza vifaranga mia tatu. Nikimridhisha, nitamuuzia kila mwezi mpaka nistaafu. Nikimwangusha, anakwenda kwa kampuni kubwa ya barabara kuu, na mashine yangu inakuwa kabati la vyombo.

Wewe ndiye mtaalamu wetu, unauza sola mjini kwenye duka lenye milango ya kioo. Niambie bei ya seti nzima: paneli mpya, betri, na kile kisanduku cha kugeuza umeme. Usinipe bei ya kwanza. Sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe.

Shangazi yako.


Tarehe 28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zimenibana. Mimi mzima, nimehamia chumba chenye dirisha. Mtoto mpeni muda, kichwa kitayafikia masikio.

Seti unayoitaka, kwa hesabu yako ya siku zote, ni sawa na kuku tetea mia moja na arobaini. Hiyo ndiyo bei ya leo. Lakini kwa kuwa wewe ni damu yangu, nakushauri kitu ambacho duka hili halitakwambia: subiri.

Nikueleze kitaalamu. Miaka kumi iliyopita paneli moja ilikuwa bei ya ng'ombe. Leo ni bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe amekonda. Kadiri viwanda vinavyotengeneza nyingi zaidi, ndivyo vinavyojifunza kuzitengeneza kwa gharama ndogo, na bei inateremka. Kuna mchoro mmoja ninao ukutani: mstari unaanzia juu kushoto na kushuka kulia, kama mtoto anayeteleza kwenye bati. Haujapanda hata siku moja. Anayenunua leo anamchangia atakayenunua kesho. Watu wa kawaida hawalielewi hili, wanaona kitu kinang'aa wanatoa pochi.

Kuhusu vile vioo vya mitumba, sina la kusema juu ya mwenye navyo. Kitaalamu, paneli yenye ufa ni takataka yenye waya.

Wako mtiifu.


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, dirishani, upande wa Kinyozi.

Hatujambo. Mtoto wa binamu yako ameanza kucheka, hasa akimwona babu yake mzaa baba, na simlaumu. Bomba la jikoni linavuja. Fundi alikuja, akalitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Nadhani hayo ndiyo matengenezo.

Umenena lugha yangu. Sokoni nyanya nazinunua kwa kuondoka. Nauliza bei, nacheka, nageuka, natembea hatua kumi. Muuzaji anaita: "Mama, njoo basi!" Sijawahi kufika hatua ya kumi na moja. Basi na jua nimeligeuzia mgongo. Liniite.

Kinyozi alikuwa anasafisha vioo vyake niliposoma. Anavisafisha kwa ile brashi laini ya kupangusia nywele shingoni mwa wateja, na nadhani alivipaka na poda. Akaniuliza kutoka juu ya bati, "Dada, sasa unamsubiri nani akuite?"

"Mtaalamu anasema hicho kioo chako chenye ufa ni takataka."

"Kinanyoa."

"Hata kichwa chako kina ufa, na bado unakivalia kofia."

Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Mtu asiye na elimu huwezi kumtukana, unamburudisha tu.

Jambo moja. Hao wateja wanaoingia kwenye milango yenu ya kioo, nao unawaambia wasubiri?

Shangazi yako.


Tarehe 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani tena. Nafurahi mtoto anacheka. Bomba liwekee mpira wa ndani ya baiskeli, lifunge kwa waya.

Habari ni njema kuliko nilivyokuandikia. Wataalamu wako mbioni kutengeneza seli za aina mpya, nyembamba kama rangi, unaweza kuzipaka kwenye bati, kwenye ukuta, pengine hata kwenye mwavuli. Zikija sokoni, hizi za sasa tutazitumia kufunikia mabanda ya kuku. Mwakani, au mwaka unaofuata. Ukinunua sasa utajilaumu.

Wateja wetu ungewaona, ungelia. Jana kaja bwana mmoja mwenye suti anataka paneli za kuweka ndani ya nyumba, chini ya kitanda, zisiibiwe. Nikamweleza kwamba zinahitaji jua. Akasema, "Nitakuwa naacha mlango wazi." Mwingine aliuliza kama tuna za jua la asubuhi tu, eti huenda ni rahisi. Hawa ndio wanaonunua kwa pupa, shangazi. Usijiunge nao.

Wako mtiifu.


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Wote wazima isipokuwa mayai mia tatu na sitini.

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi ya siku ya kumi na nne ukarudi saa kumi na moja jioni. Mablanketi niliweka. Nikaona hayatoshi, nikajaza chupa maji ya moto nikazipanga pembeni mwa trei. Ilikuwa akili nzuri, ila nilizidisha. Mayai ya katikati yalipoa na ya pembeni yaliiva. Mimi ndiye mtu wa kwanza mtaani kutotolesha mayai ya kuchemsha.

Ofisi ya umeme nilikwenda kwa miguu. Kijana wa dirishani aliniuliza, "Mama, tatizo ni lipi?" Nikamwambia tatizo ni wewe kuniuliza tatizo ni lipi huku umekaa gizani. Akaandika jina langu kwenye daftari, na daftari akaliweka juu ya madaftari mengine, na hayo yalikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi.

Kinyozi alikuja saa sita na waya mrefu mkononi. "Dada, nikuvutie umeme kidogo? Leo wateja wachache."

Nikamwambia siwezi kulea vifaranga vya watu kwa umeme wa mitumba. Akaukunja waya wake taratibu, akarudi, akawasha redio. Aliiwasha kwa nguvu makusudi, nina hakika.

Mwenyekiti nilimwambia kuna ucheleweshaji wa kitaalamu. Alinitazama kama mtu anayesikia harufu. Mayai mengine nitaweka Agosti.

Swali langu la Aprili hukulijibu.

Shangazi yako.


Tarehe 20 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mayai.

Nilisema au sikusema? Bei ya paneli imeshuka. Moja ya kumi nzima, tangu Machi! Mstari ule ule, shangazi, unateleza tu. Sasa ndiyo kabisa usinunue. Kitu kilichoanza kushuka ni ujinga kukidaka katikati. Kiache kifike chini.

Hapa kazi ni nyingi. Nimepewa kiti cha kuzunguka.

Wako mtiifu.


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Nakupa hongera ya kiti. Zunguka vizuri.

Mayai ya pili yamekufa. Siku ya sita, umeme siku mbili haupo. Niliyapima kwa tochi moja moja. Ndani yake palitakiwa kuwa na mishipa kama buibui mwekundu, palikuwa na maji. Nimeyafukia nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaamka kunipa pole, maana pole ya mtaa huu ina meno.

Mwenyekiti amekuja mwenyewe. Hakukaa. "Mwishoni mwa Oktoba," akasema, "mia tatu, au nakwenda barabara kuu. Si kwa ubaya." Watu wakisema si kwa ubaya, shika mkoba wako.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba naweka mayai mia tatu na themanini ya mwisho, ya mkopo wa huruma kutoka kwa wafugaji watatu ambao sasa wananisalimia kwa sauti ya chini.

Na kuna hili. Jana niliingia kwa Kinyozi, sikwenda kuomba kitu, nilikwenda kumwambia redio yake inatisha kuku. Mtu hawezi kuingia mle bila kujiona kwenye kile kioo kikubwa. Nikajiona, sikupenda, nikaangalia pembeni. Pembeni mwa kioo pamebandikwa kipeperushi cha duka lenu. Picha ni wewe, umekumbatia paneli, unacheka kama umeizaa. Chini yake kwa herufi nyekundu: NUNUA LEO, KESHO UTAJUTA.

Nikamuuliza amekipata wapi. Akasema kilifungiwa vitumbua sokoni, akakiona, akamwomba mama wa vitumbua karatasi nyingine. Akaendelea kumnyoa mteja. Halafu akasema, bila kugeuka, "Kijana kasema tununue leo. Mpya sikuziweza. Nikanunua nilizoziweza."

Sasa nifafanulie, mtaalamu. Kwangu umeandika subiri kurasa nne. Kwa dunia nzima umeandika nunua leo. Kati yangu na vitumbua, nani alipata ukweli?

Shangazi yako.


Tarehe 1 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Kipeperushi ni kazi. Napewa asilimia kwa kila seti inayotoka, na nisipouza nane kwa mwezi kiti kinarudi kilikotoka. Wateja nawaambia wanunue leo, ndiyo, kila siku, kwa sauti ya furaha. Wewe nilikwambia ukweli: bei inashuka, na itaendelea. Hakuna aliyewahi kuniuliza mayai yanaweza kuusubiri ukweli kwa muda gani, na kwa kweli sikuwaza. Niliwaza mchoro.

Brashi laini ya kusafishia paneli, kitaalamu, ndiyo sahihi. Poda hapana.

Kipeperushi amekibandika upande gani wa kioo? Kinaonekana na mteja akiwa amekaa?

Wako.


Tarehe 29 Oktoba

Mwanangu,

Kaa chini, kile kiti kisizunguke.

Siku ya kumi na tisa, saa tatu asubuhi, umeme ulikatika. Nguzo imeanguka, wakasema, kana kwamba nguzo ilichoka kwa hiari yake. Siku ya kumi na tisa vifaranga vimeshaanza kugonga ganda kwa ndani. Nilikuwa nasikia. Kaweke sikio kwenye trei za mayai mia tatu na themanini yanayogonga, kisha uniambie habari za mwakani.

Nilitoka nje na mablanketi mikononi. Sikulia. Macho yalikuwa na vumbi la mablanketi.

Kinyozi alikuwa mlangoni, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi, na kitini pake amekaa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, upande wa kulia umekwisha, wa kushoto msitu. Alinitazama mara moja.

"Dada, hiyo mashine yako inakula wati ngapi?"

"Mia moja na themanini ikipasha."

"Mimi ninazo kama mia mbili, jua likiwa na adabu." Akachomoa mashine ya kunyolea ukutani. Ikanyamaza katikati ya kichwa cha serikali.

"Wewe!" mwalimu mkuu akaruka. "Nina kikao na wazazi saa tano!"

"Vaa kofia, mwalimu."

"Nikiongea na wazazi nimevaa kofia?"

"Basi simama kiupande, wakuone upande wa kulia."

Akazima redio, akazima feni, akatoa balbu zote mbili, akaleta ule waya niliomrudisha nao Juni. Aliupitisha juu ya ukuta mwenyewe. Duka alilifunga siku mbili. Alikaa kwenye ndoo kando ya kipimajoto cha mashine kama mtu anayemsubiri mgonjwa: thelathini na sita na pointi tisa, thelathini na saba, na nusu. Jua lilipozama betri zake za lori zikaichukua kazi. Alfajiri ziliishiwa pumzi, nikarudisha mablanketi saa nzima hivi, halafu jua likatoka na kile kioo chenye ufa kikaamka nalo.

Tulikaa pale siku mbili, tukaongea kidogo sana. Aliniuliza kama unakula vizuri. Nikamwambia una dirisha.

Vimetoka vifaranga mia tatu na kumi na kimoja. Mwenyekiti alivihesabu mara mbili, akatafuta mlemavu, hakupata, akaniagiza vingine mia tatu mwezi ujao na akaondoka akiwa amekasirika kidogo. Mwalimu mkuu alienda kwenye kikao. Wazazi, nimeambiwa, walimsikiliza kuliko siku zote.

Kipeperushi kiko upande wa kushoto. Mteja akiwa amekaa, anakiona yeye tu na uso wake.

Siwezi kila mwezi kumfungia mtu duka lake. Ninanunua, kwa bei yoyote. Nimefika hatua ya kumi na moja, na hakuna aliyeita. Usiniandikie mchoro, usiniandikie seli za kupaka. Paneli mpya, betri, kisanduku, seti ileile niliyoiulizia barua ya kwanza. Miezi yote hii nimesubiri, mayai nimeyazika mara mbili. Niambie imeshuka mpaka ngapi.

Shangazi yako.


Tarehe 19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie baba.

Paneli zimeshuka kwa robo. Betri zimepanda. Jumla ni ileile niliyokuandikia mwezi Machi.